Ramani Ndani ya Kompyuta na Mipaka ya Mashamba ya Chai Kericho na Bomet

Mfumo wa taarifa za kijiografia ni programu ya kompyuta inayohifadhi, kuchanganua na kuchora habari za vitu vyenye mahali maalumu duniani. Aghalabu watu hudhani kwamba hiki ni chombo cha kuchorea ramani tu. Dhana hiyo ni pungufu. Kila umbo linaloonekana kwenye kioo limefungamanishwa na safu ya jedwali, hivi kwamba anayebofya shamba moja karibu na Litein aweza kuona papo hapo ukubwa wake, namba yake na kiwanda linakopeleka majani mabichi. Mfumo wa kwanza wa aina hii ulianza kubuniwa Kanada katika miaka ya 1960 chini ya Roger Tomlinson, kwa ajili ya kuorodhesha rasilimali za ardhi ya nchi hiyo. Mnamo 2002 Gary Sherman alianzisha QGIS, programu huria ambayo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta ya mezani huipata bila malipo.

Programu hupanga habari katika matabaka, moja juu ya jingine. Viwanda na vituo vya kununulia chai huwa nukta, barabara na mito huwa mistari, mashamba na msitu wa Mau huwa maumbo yaliyofungwa. Matabaka yakiisha kupangwa, maswali huanza. Ni mashamba gani yaliyo mbali na kituo kiasi kwamba majani hunyauka njiani? Ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia watu wasiingilie misitu, umeishia wapi na msitu umeanzia wapi?

Majibu hayo, hata hivyo, hutegemea jambo ambalo halionekani kwenye kioo. Ramani za zamani za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya setilaiti hutumia msingi wa WGS84. Misingi hii miwili hukadiria umbo la dunia kwa namna tofauti. Anayechanganya ramani ya zamani na vipimo vya setilaiti bila kuiarifu programu atapata tofauti ya mita 300 hivi. Katika nchi ya mashamba madogo, mita 300 zatosha kumhamishia mkulima kwa jirani wa tatu au wa nne, na ukanda wenye upana wa mita 100 ungeruka wote na kutua msituni. Isitoshe, longitudo ya nyuzi 36 mashariki hupita kati ya Kericho na Nairobi. Kericho na Bomet ziko katika kanda ya 36 ya kupimia, Nairobi katika ya 37. Faili iliyotayarishwa jijini kwa kanda isiyofaa huiangusha Bomet mamia ya kilomita kutoka mahali pake. Kosa kubwa namna hii lina nafuu, kwani huonekana mara moja. Lile la mita 300 ndilo hupita kimyakimya.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kompyuta husoma herufi, haisomi maana. Kwayo Buret na Bureti ni mahali pawili, na jedwali linalotumia jina moja halitaungana na linalotumia la pili. Majina kama Kapkatet na Kapkoros yana kiambishi cha Kikalenjin kinachodokeza makao au mahali. Mchoraji asiyekijua hukikata au hukitenganisha na mzizi, na jina likapotea katika utafutaji.

Suala zito zaidi ni la mipaka yenyewe. Mashamba mengi ya wakulima wadogo yalisajiliwa kwa mipaka ya jumla, ambapo ua wa miti ndio uliokuwa alama. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yaendelea kuiona ramani ya usajili kuwa yaonyesha mipaka ya makadirio tu, isipokuwa pale ilipothibitishwa rasmi. Programu huuchora mpaka huohuo kwa mstari mwembamba ulionyooka, na mtazamaji huuamini kuliko ua.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi, ikishughulikia malalamiko ya Wakipsigis na Watalai walionyang'anywa ardhi enzi za ukoloni, ilipendekeza mashamba makubwa ya chai yapimwe upya ili ijulikane kama yapo yaliyozidi eneo lililo katika hati. Makampuni ya chai yalilipinga jambo hilo mahakamani. Kwa kazi ya kupima, programu hii yafaa sana: huweka mpaka wa hati na mpaka wa shambani pamoja, na ziada ikaonekana kwa hekta. Makazi ya Watalai waliohamishiwa Gwassi miaka ya 1930 hayamo katika hati hizo, na tabaka lake halina budi kuanza na masimulizi ya wazee: mti fulani, chemchemi fulani, kaburi fulani, kila kimoja kikitafutiwa nukta yake kwa miguu.