Kwa Nini Nyuma ya Mwimbaji Panarudi Peusi

Tuseme kwaya ya kanisa pale Kola, kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote, imerekodi wimbo mbele ya kitambaa cha kijani. Fundi anakiondoa kijani, kazi inaonekana safi kwenye kompyuta, anatoa faili ya MP4 na kumpelekea mwenzake aongeze mandhari. Mwenzake anaifungua na kukuta waimbaji wamesimama kwenye giza totoro. Programu haijaharibika.

Kila pikseli ya video ya kawaida hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Hakuna hata moja inayosema kwamba hapa pako wazi. Uwazi unadai namba ya nne, iitwayo alfa: 0 ni utupu, 255 ni kitu kizima, na zilizo katikati ni za nywele, moshi au pindo la leso linalopepea. Wazo hilo ni la Alvy Ray Smith na Ed Catmull, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakachapisha hesabu za kupandanisha picha ambazo programu hutumia mpaka leo. MP4 ya kawaida, iliyobanwa kwa H.264, haina nafasi ya alfa. Namba inatupwa, na palipokuwa wazi panajazwa weusi.

Ukitaka uwazi usafiri, toa faili kwa ProRes 4444, au VP9 ndani ya WebM, au mfululizo wa picha za PNG. Lakini jiandae: ProRes 4444 ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 2 kila dakika. Wimbo wa dakika tano unamaliza flashi ndogo. Kwa maoni yangu, mafundi wengi hawana haja ya faili hiyo. Kama mandhari mapya yatawekwa na mtu yuleyule aliyekata kijani, ayaweke humohumo kwenye mradi, kisha atoe MP4 ya kawaida. DaVinci Resolve ya bure inafanya kazi yote hiyo.

Sasa kukata kwenyewe. Njia ya msingi ni kuchukua kijani cha pikseli na kutoa ile kubwa kati ya nyekundu na buluu. Kikibaki kingi, programu inajua hicho ni kitambaa. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, nyekundu ndiyo huongoza, kwa hiyo hesabu hiyo haiidhuru. Mbona basi mashavu ya waimbaji wetu hutoboka? Tatizo ni mwanga. Simu ikiachwa ijipimie yenyewe, inaona kitambaa king'avu kimejaa fremu na kupunguza mwanga. Uso mweusi unaingia kivulini, namba zake zote zinasogelea sifuri, na kijani kidogo kinachodunda kutoka kwenye kitambaa kinazipiku. Programu inaona kijani kimezidi, inatoboa. Maelekezo ya mitandaoni yanayotolewa na watu wenye nyuso nyeupe huenda yasiiguse shida hii.

Mwimbaji asimame angalau mita mbili mbele ya kitambaa, apate taa zake mbali na zile za kitambaa. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, kisha ufunge kipimo kisibadilike. Kitambaa kipigwe pasi, kwani kila mkunjo ni kijani kingine. Na kama sare ya kwaya ina kijani, tafuta kitambaa cha buluu. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilitumia buluu, na Larry Butler akapata Oscar kwa kazi hiyo. Ukirekodi nje, mvua za vuli zikishanyesha, majani yanayoingia kwenye fremu nayo huliwa nusunusu.

Nywele zilizokatika vidatovidato huwa ni tatizo lililoanzia kwenye kamera. Simu nyingi huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, na kukata huku hutegemea rangi. Ukimtumia fundi rekodi kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa tena. Itume kama hati, au mpe kadi ya kumbukumbu yenyewe.

Kuna programu kama CapCut zinazoondoa mandhari bila kitambaa chochote, kwa kukisia mtu ni yupi. Kwa mtu mmoja anayezungumza zinatosha. Kwa kwaya nzima yenye sare moja na mikono hewani, kila fremu inakisiwa, na kingo zinatetemeka mpaka macho yanachoka.

Kisha yapo mandhari yanayowekwa. Maporomoko ya maji ya nchi za mbali yamezoeleka mno, na matuta ya vilima vya Kalama yako hapo hapo Kola. Ukiyapiga picha, angalia jua: kama taa ya mwimbaji ilitoka kushoto, vivuli vya kilimani navyo viangukie kulia. Kamera iwe kwenye kimo kilekile ilichokuwa nacho mbele ya kitambaa, la sivyo waimbaji wataonekana wakielea juu ya mahindi.