Je, Wajua? Namba Tasa za Juba

Msimbo wa simu wa Sudan Kusini, 211, ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kabla ya uhuru, laini za kampuni ya simu ya Gemtel mjini Juba zilitumia 256 ya Uganda, ambayo unaweza kuigawa kwa 2 mara nane mpaka ufike 1.

Mwaka wa uhuru, 2011, nao ni tasa. Siku tano baada ya bendera kupandishwa Juba, nchi iliingia Umoja wa Mataifa ikiwa mwanachama wa 193. Tasa tena!

Sasa shika kalamu. Jumlisha tasa 11 zinazofuatana: 157, 163, 167, 173, 179, 181, 191, 193, 197, 199 na 211. Jibu ni 2011. Uanachama na msimbo wa simu vimo humo humo, na jumla ni mwaka wa uhuru. Hakuna aliyepanga. Chini ya 1,000 zipo tasa 168, karibu moja katika kila namba sita, kwa hiyo kukutana na moja si ajabu. Kuzikuta tatu zimefungamana hivi ni zawadi, na mwalimu yeyote wa hisabati Juba ana haki ya kuiandika ubaoni.

Zidisha 2, 3, 5 na 7, upate 210. Ongeza 1: 211. Igawe kwa yoyote kati ya hizo nne, hubaki 1. Kwa hoja ya namna hii Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alithibitisha kwamba tasa hazina mwisho. Si kwamba jibu huwa tasa kila mara. Endelea kuzidisha mpaka 13, ongeza 1, utapata 30,031, yaani 59 mara 509. Lakini hizo mbili ni tasa mpya, na Euclid hakuhitaji zaidi ya hapo.

Kati ya majirani sita wa Sudan Kusini, ni Ethiopia tu yenye msimbo tasa: 251.

Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo, Juba, akimwandikia mteja wa Kampala kwa WhatsApp, siri yao hulindwa kwa hesabu za tasa yenye tarakimu 77: 2 kwa kipeo cha 255, toa 19. Uzuri wake ni huo ukaribu na 2 kwa kipeo cha 255. Hesabu ikizidi kikomo hicho, simu haihangaiki kugawa; hukata kilichozidi, hukizidisha kwa 19 na kukijumlisha na kilichobaki. Hata simu ya bei nafuu huimudu.

Oktoba 2024 ilitangazwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Kipeo chenyewe ni tasa. Kingegawanyika, namba nzima ingegawanyika.