Alkali ya Zege: Kipimo Kipi Kinastahili Pesa Yako?

Ufa mwembamba ukitokea kwenye nguzo na kufuata mstari wa nondo, fundi wa kwanza kuitwa atasema bomoa, piga plasta upya. Huenda yuko sahihi. Lakini kabla ya kumkabidhi malipo ya awali, kuna swali ambalo kulijibu ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa saruji: zege linaloizunguka nondo bado lina alkali?

Nondo haishiki kutu ndani ya zege zima kwa sababu maji yaliyobaki kwenye vitundu vyake yana alkali kali. pH yake huwa kama 12.5 hadi 13.5, na hutokana na chokaa inayozalishwa saruji inapoganda pamoja na sodiamu na potasiamu. Humo chuma hujivika utando unaokilinda. Kaboni dayoksaidi ya hewani hupenya polepole na kuila ile chokaa. pH ikishuka hadi 9 hivi, ulinzi umekwisha.

Kipimo cha bei ya chini kabisa ni fenolfthalini. Gramu moja ya unga huyeyushwa kwenye mililita 70 za spiriti, kisha maji safi yasiyo na madini huongezwa hadi mililita 100. Chupa hiyo ndogo inatosha sehemu nyingi za nyumba. Unavunja kipande kwa tindo, unapuliza dawa papo hapo: penye alkali panageuka rangi ya waridi iliyokolea, palipokufa panabaki kijivu. Vaa glavu, na usivute sigara karibu, maana spiriti hushika moto. Usikubali fundi atoboe kwa drili kisha apulize kwenye tundu bila kulisafisha, kwa sababu vumbi la ndani huchafua kuta zake na kila kitu kitaonekana kizima.

Faida yake kubwa ni rula. Pima kutoka usoni hadi rangi inapoanza, ulinganishe na unene wa zege linaloifunika nondo. Kwa kawaida kina hicho hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani kikiongezeka mara mbili, miaka imeongezeka mara nne. Nyumba ya miaka 20 yenye kina cha milimita 10, na nondo zikiwa milimita 20 ndani, ina takriban miaka 60 mbele yake. Mwambie fundi azibe ufa aende zake. Ile ya miaka 9 iliyokwisha kufika milimita 15 ina kama miaka 7 tu. Hapo ndipo pa kutumia fedha, tena mapema. (Saruji yenye alama CEM IV, inayouzwa sana Kenya, ina pozolana inayotumia sehemu ya chokaa. Zege lake lisipomwagiliwa vizuri siku za mwanzo, huishiwa akiba haraka zaidi.)

Karatasi za pH nazo ni rahisi, ila zina kazi nyingine. Zinamfaa anayetaka kupaka rangi au kubandika zulia la plastiki kwenye sakafu mpya: dondosha maji safi, subiri kama dakika moja, bandika karatasi, kisha linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kopo la gundi. Kuhusu nondo hazikwambii lolote, kwa kuwa uso wa zege ndio wa kwanza kupoteza alkali.

Mita ya pH ndiyo ninayoiona ikiwapotezea watu fedha. Zege husagwa, unga hukorogwa na maji, kisha elektrodi hutumbukizwa. Tatizo ni kwamba maji hayo yanayeyusha chokaa upya huku yakizimua sodiamu na potasiamu. Zege la 13.3 linaweza kusomeka 12.5, pengo linaonekana dogo, kumbe haidroksidi imepungua kama mara sita. Elektrodi za bei nafuu nazo hukosea juu ya 12 pakiwa na sodiamu nyingi. Namba inatoka na desimali zake, mteja anaridhika, na hajajua chochote ambacho chupa ya waridi isingemwonyesha.

Anayetaka maji halisi ya vitunduni hulazimika kulikamua zege kwenye chombo cha chuma kinene kwa shinikizo la mamia ya megapaskali, njia ambayo watafiti Barneyback na Diamond waliieleza mwaka 1981. Hupatikana mililita chache, na zege kuukuu lililokauka huenda lisitoe hata tone. Ni kazi ya maabara kubwa, kwa mfano bwawa au daraja linapopasuka kwa alkali kushambulia kokoto. Kwa nyumba ya kuishi, ni anasa.

Pwani mambo hubadilika. Chumvi ya bahari, au mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa, huitoboa kinga ya nondo hata pH ikiwa 12.5. Nguzo itang'aa waridi yote huku chuma kikioza ndani. Kwa hiyo anayenunua nyumba Kigamboni au Nyali asitosheke na fenolfthalini peke yake. Adai unga wa zege wa vina mbalimbali upelekwe maabara ukapimwe kloraidi, na majibu yasomwe kabla ya kutia saini.