"Malaika" Inapoimbwa Upya: Mtunzi, Nafsineni na Mwimbaji

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu fikirieni harusi ya Jumamosi mtaani Shauri Moyo, Nairobi, si mbali na soko la Burma. Maharusi wanaingia ukumbini na bendi inapiga "Malaika". Wageni wote wanaitikia kwa furaha. Hata hivyo, wimbo huo ni malalamiko ya mwanamume anayetaka kumwoa mpenzi wake lakini hana mali. Je, wageni hao wamekosea? La hasha. Wimbo umebadilishiwa muktadha, na muktadha ukibadilika, maana nayo husogea.

Mtahiniwa anayeandika kwamba "mwimbaji ni maskini" huwa amewachanganya watu watatu. Tuwatenganishe.

(a) Mtunzi
Huyu ndiye aliyebuni wimbo. "Malaika" ulivuma kwa sauti ya Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 2001. Hata hivyo, wengine, akiwemo Adam Salim, wametajwa pia kuwa watunzi, na ubishi huo umedumu miaka mingi. Kwa hivyo, usidhani kwamba aliyerekodi wimbo ndiye lazima aliyeutunga.

(b) Nafsineni
Hii ni sauti inayozungumza ndani ya wimbo. Katika "Malaika" ni mwanamume aliyezuiwa kuoa na ufukara. Hali yake inaeleweka haraka Shauri Moyo, mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa jijini. Kijana wa kibarua aliyepanga chumba kimoja alijua vyema pengo lililopo kati ya kupenda na kuoa.

(c) Mwimbaji
Huyu ndiye anayeutenda wimbo mbele ya hadhira. Mnamo 1965, Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya pamoja. Makeba ni mwanamke, ilhali nafsineni ni mwanamume. Je, nafsineni amegeuka? Hapana. Kilichogeuka ni mwimbaji.

Mwaka 1981 ikafika zamu ya Boney M., kikundi kilichoundwa Ujerumani Magharibi na Frank Farian na kilichovuma kwa muziki wa disko. Kikundi hiki kilizoea kuimba upya nyimbo za wengine. "Rivers of Babylon", iliyowapatia sifa mwaka 1978, ilikuwa imeimbwa kwanza na The Melodians wa Jamaika. Walipoimba "Malaika", hadhira yao kubwa ilikuwa Ulaya, nayo haikujua Kiswahili. Hadhira hiyo haikupokea dhamira ya ufukara. Ilipokea mahadhi, urari wa sauti na utamu wa neno lenyewe "malaika". Dhamira ilibaki katika maneno, lakini haikumfikia msikilizaji.

Wapo wasemao kwamba kuimba upya ni kuharibu. Hoja hiyo haina mashiko katika fasihi simulizi, kwa sababu fanani ana uhuru wa kubadilisha utendaji kulingana na hadhira na tukio. Lakini tusivuke mpaka. Uhuru wa kutenda si umiliki wa utungo. Wimbo uliorekodiwa una mtunzi mwenye haki ya kutajwa na kulipwa, hata pale anapobishaniwa.

Basi, ukipewa wimbo katika mtihani, jiulize: nani anazungumza ndani yake? Anazungumza na nani? Nani anauimba, wapi, na mbele ya nani? Thibitisha kila jibu kwa maneno ya wimbo wenyewe, wala usikisie maisha ya mtunzi.

Zoezi
1. Tofautisha nafsineni na mwimbaji. (alama 4)
2. Eleza kinaya kinachojitokeza "Malaika" inapoimbwa harusini. (alama 4)
3. Jadili jinsi hadhira inavyoathiri maana ya wimbo unaoimbwa upya. (alama 12)