Deni la Marehemu Hulipwa na Mali Yake

Askari anapopewa ruhusa ya kwenda kumzika mzazi wake, mara nyingi hukuta makundi mawili yakimngojea nyumbani. Kundi la kwanza ni la wadai: mwenye duka, karani wa chama cha ushirika, jirani aliyekopesha fedha, na vibarua wa msimu uliopita. Kundi la pili ni la ndugu wanaotaka mali igawanywe hata kabla ya matanga kuondolewa. Kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara wa kila mwezi, wote humtazama yeye.

Hali hiyo si ngeni katika wilaya ya Kasese, kuanzia Rukoki, penye makao makuu ya wilaya, hadi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Wazee wengi wa huko huishi kwa pamba, kahawa na biashara ndogo ndogo, na wengine, kule Katwe, kwa viwanja vya chumvi. Kazi za namna hii huendeshwa kwa mikopo ya msimu, na mikopo mingi hutolewa kwa mdomo tu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee anapofariki, ndipo maana ya methali hiyo inapojulikana.

Jambo la kwanza ambalo kila mwanajeshi na polisi anapaswa kulifahamu ni hili: deni la marehemu hulipwa kutokana na mali ya marehemu. Sheria ya Mirathi ya Uganda haimlazimu mtoto kulipa deni la mzazi wake kwa mshahara wake mwenyewe. Ikiwa mali haitoshi, wadai watapata kilichopo, na basi. Isipokuwa mtoto alitia sahihi kama mdhamini wa mkopo huo. Hapo anadaiwa kwa ahadi yake mwenyewe, wala hawezi kujificha nyuma ya kaburi la mzazi. Hata hivyo, mikopo mingi ya benki na ya vyama vya akiba hukatiwa bima ya kifo. Kwa hiyo ni busara kuuliza kabla ya kulipa hata senti moja.

Jambo la pili ni kwamba hakuna mtu, awe kifungua mimba au ofisa mwenye nyota begani, anayeruhusiwa kuuza ng'ombe, kukusanya kodi ya nyumba au kugawa shamba kabla ya kupewa mamlaka. Kuhifadhi mali isiharibike, kugharimia mazishi na kuwapatia wafiwa mahitaji ya haraka kumeruhusiwa. Zaidi ya hayo ni kuingilia mali ya marehemu, nalo ni kosa la jinai.

Njia iliyo halali si ngumu. Familia hupata barua ya mwenyekiti wa kijiji na cheti cha kifo. Kisha kifo huarifiwa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ambaye wilayani huwakilishwa na ofisi ya Afisa Mtawala Mkuu. Kwa watu wa Kasese, ofisi hiyo iko Rukoki. Msimamizi Mkuu akiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, na kwa cheti hicho familia huomba mahakamani barua za usimamizi. Aliyepewa barua hizo hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni katika muda wa miezi 6, na hesabu kamili katika muda wa mwaka 1.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Kwanza hulipwa gharama za mazishi zilizo za kiasi, pamoja na za matibabu ya mwisho. Pili, gharama za kupata barua za usimamizi. Tatu, ujira wa vibarua na watumishi kwa kazi waliyoifanya katika miezi 3 ya mwisho ya uhai wa marehemu. Baada ya hapo hufuata madeni mengine, na wadai wa kawaida hulipwa kwa uwiano, bila upendeleo.

Tuchukue mfano. Mzee aliyelima pamba katika shamba la kukodi ameacha mali yenye thamani ya shilingi 6,000,000. Mazishi na hospitali ni shilingi 1,200,000, gharama za mahakama 300,000, na vibarua wanadai 500,000. Zinabaki shilingi 4,000,000. Lakini ushirika unadai 3,000,000, mwenye duka 1,500,000 na jirani 500,000, jumla 5,000,000. Kila mdai atapata senti 80 kwa kila shilingi: ushirika 2,400,000, duka 1,200,000 na jirani 400,000. Msimamizi akimlipa jirani zote kwa kuwa ni rafiki wa familia, atakuwa amewadhulumu wengine, na huenda akaulizwa mahakamani.

Ugawaji wa urithi huja mwisho, baada ya madeni kwisha. Kwa asiyeacha wasia, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamempa mjane au mgane asilimia 20, watoto na wajukuu asilimia 75, jamaa waliomtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba ya familia imewekewa ulinzi wa pekee. Tena, mkopeshaji aliyeipokea nyumba hiyo kuwa rehani bila ridhaa ya mke au mume hana rehani iliyo halali.

Sasa tuseme wazi yale ambayo wengi huyasema kwa kunong'ona. Wapo wanaofika kwenye msiba wakiwa na sare, wakamtisha mdai mpaka akakimbia. Wapo pia waliomtoa mjane shambani kwa nguvu ya bunduki. Sare imetolewa kwa kuwalinda wananchi. Haifuti deni wala haithibitishi urithi. Mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Lubiriha aliyemkopesha mzee wako bidhaa katika soko la Mpondwe ana haki ya kusikilizwa kama jirani wa Rukoki. Mwombe ushahidi: hati, daftari au mashahidi. Deni likithibitika, liandikwe kwenye orodha. Lisipothibitika, likataliwe kwa heshima, naye aende mahakamani akipenda.

Mwisho, ndugu askari, funzo hili linakuhusu wewe pia. Andika wasia, uutie sahihi mbele ya mashahidi 2, na uorodheshe ndani yake unachomiliki, unachodai na unachodaiwa, pamoja na mkopo wako wa Wazalendo au Exodus. Sheria humruhusu mwanajeshi aliye vitani kuacha wasia kwa urahisi zaidi, hata kwa kinywa mbele ya mashahidi 2. Lakini wasia wa kinywa hupoteza nguvu mwezi 1 baada ya yeye kutoka katika hali hiyo akiwa hai. Usiutegemee huo. Karatasi moja iliyoandikwa leo kambini itawaepusha watoto wako na ugomvi ambao huenda wewe mwenyewe umeukuta nyumbani kwa baba yako.