Kidole kikikataa, mbio haziishi: namna wapenzi wa gari ndogo za umeme wanamrudisha mwenzao mchezoni

Kuko mchezo mmoja ambamo mzee wa miaka 70 anaweza kumshinda kijana wa miaka 20, na hakuna mtu anashangaa. Hauombi miguu, hauombi kifua. Unaomba macho na kidole kimoja tu. Ni mbio za gari ndogo za umeme zinazokimbia juu ya meza, kila moja ndani ya mfereji wake mwembamba.

Huku kwetu Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, wengi hawajawahi kuuona mchezo huo. Lakini Uingereza, Marekani, Ujerumani na Uhispania, kuko vikundi vya watu wazima wanaokutana jioni, kiisha kazi, ili kushindanisha gari zao. Wamo mafundi, walimu, mashoferi, wazee wa pansheni. Wengine wamekuwa pamoja miaka makumi.

Sasa, tuseme mmoja wao anapata AVC. Anapona, lakini mkono wa kuume hausikii tena. Ao vidole vinakazana juu ya ugonjwa wa viungo. Ao ajali ya barabarani imemuvunja uti wa mgongo. Kidole kile kimoja ambacho mchezo uliomba, ndicho kimekataa. Je, amekwisha? Jibu la vikundi vingi ni: hapana, tuangalie kwanza manete.

Ili kuelewa jibu hilo, inafaa tujue mchezo wenyewe unatumika namna gani.

Gari bila usukani

Mwaka wa 1957, Mwingereza mmoja, Fred Francis, alionyesha gari zake za umeme kwenye maonyesho ya michezo ya watoto katika muji wa Harrogate. Akaziita Scalextric. Jina hilo limebaki mpaka leo, na watu wengi Uingereza wanalitumia kwa kutaja mchezo wote, hata kama gari ni ya kampuni ingine.

Barabara ya mchezo inatengenezwa kwa vipande vya plastiki vinavyounganishwa, ao kwa mbao iliyochongwa. Katikati ya kila njia kuko mfereji. Pembeni ya mfereji kuko vipande viwili vya chuma vinavyobeba umeme wa nguvu kidogo, karibu volti 12, sawa na betri ya moto. Chini ya gari, mbele, kuko kipande kinachoingia ndani ya mfereji, pamoja na nyuzi mbili za shaba zinazogusa vile vyuma. Umeme unapanda, motere inazunguka, gari inakwenda. Kipimo kinachotumiwa sana ni 1/32, ni kusema gari ya kweli yenye urefu wa metre 4 na sentimetre 16 inakuwa na sentimetre 13 tu.

Hakuna usukani. Mfereji ndio unaongoza gari. Mchezaji anaamua kitu kimoja tu: vitesi. Lakini ndani ya kile kitu kimoja kuko kazi kubwa. Ukiingia kwenye kona na vitesi mingi, gari inaruka inje ya mfereji na kuanguka. Ukienda polepole sana, wenzako wanakupita. Mzunguko mmoja unaweza kumalizika ndani ya sekunde chache, na ndani ya zile sekunde kidole kinabadilisha nguvu mara nyingi: kubana, kulegeza, kubana nusu, kuachia.

Kile kinachobanwa ndicho kinaitwa manete: kifaa cha kushika mkononi, chenye kitufe sawa ya ile ya bunduki. Ukibana kidogo, umeme kidogo unapita. Ukibana mpaka mwisho, wote unapita. Tena, ukiachia kabisa, gari haiendelei kuteleza tu. Manete nzuri inaunganisha nyaya mbili za motere, na motere ile bado inazunguka inajizuia yenyewe. Hiyo ndiyo fereni. Ndiyo maana manete za vikundi ziko na nyaya tatu: moja inaleta umeme, moja inaupeleka barabarani, moja ni ya fereni.

Nini kimekataa kweli?

Watu wenye mazoea ya kusaidia hawaanzi na chuma. Wanaanza na maulizo. Maana kusema "mkono umekufa" haitoshi. Kuko mtu ambaye vidole vinasogea lakini havina nguvu. Kuko mwenye nguvu lakini mkono unatetemeka. Kuko anayeweza kubana lakini hawezi kuachia mbio. Kuko ambaye mikono yote miwili imekataa, lakini mguu, kidevu ao pumzi iko sawa. Kila mmoja anaomba dawa yake.

Kwa mwenye nguvu kidogo, mara nyingi dawa ni rahisi: kuweka springi laini ndani ya manete, ao kurefusha kitufe ili kiganja kizima kisukume kwa nafasi ya kidole. Kwa mwenye kutetemeka, manete inafungwa juu ya meza, na mkono unapata mahali pa kuegemea. Hahitaji tena kushika na kubana kwa wakati mumoja.

Kwa mwenye mguu mzima, wanatengeneza pedali ya chini, sawa ya kuongeza moto kwenye gari ya kweli. Kwa anayebakia na kidevu ao shavu, wanaweka kijiti kinachosukumwa mbele na nyuma. Na kwa asiyeweza kusogeza chochote chini ya shingo, kuko njia ya mrija mdomoni: kupuliza ni kuongeza, kuvuta pumzi ni kuzuia.

Hapa mafundi wa redio watacheka, kwa sababu watajua mtego uko wapi. Mtu anaweza kufikiri: nichukue kifungo cha kuzungusha sauti cha redio ya zamani, nikiunganishe na gari, kazi imeisha. Hapana. Kifungo kile hakikutengenezwa kwa kubeba umeme wa motere. Kitapata moto na kuungua. Manete za zamani zilikuwa na waya nene uliozungushwa, wa kuvumilia moto huo. Manete za kisasa zinatumia transista: kifungo kidogo kinatoa amri tu, transista ndiyo inabeba muzigo. Na hapo ndipo mlango ulifunguka kwa wenye ulemavu. Kama amri ni kitu kidogo, basi kiungo chochote kinaweza kuitoa: kidole, kisigino, kidevu ao pumzi.

Kosa lingine ni kusahau waya wa fereni. Pedali inatumika vizuri kwenye njia iliyonyooka, kiisha kwenye kona ya kwanza gari inaruka. Mchezaji anazani ni kosa lake, ni mwili wake umeshindwa, kumbe ni waya mmoja ulisahauliwa.

Kutoka meza mpaka barabara kubwa

Wazo hilo la kutafuta kiungo kingine cha kutoa amri halikubaki kwenye michezo ya mezani. Sam Schmidt, Mwamerika aliyekuwa akishindana katika mbio za IndyCar, alipata ajali mwezi wa kwanza mwaka wa 2000 akiwa kwenye majaribio Florida. Uti wa mgongo ukaumia, mikono na miguu ikakataa. Mwaka wa 2014 alirudia kwenye barabara ya mbio ya Indianapolis, akiendesha gari ya kweli. Kampuni ya Arrow Electronics ilikuwa imetengeneza gari inayosoma mwendo wa kichwa chake kupitia kamera: akigeuza kichwa, magurudumu yanageuka. Baadaye wakaweka mrija: anapuliza ili aongeze vitesi, anavuta pumzi ili afunge fereni. Mwaka wa 2016 jimbo la Nevada likampa ruhusa maalumu ya kuendesha barabarani.

Upande wa michezo ya video, Uingereza kuko shirika linaloitwa SpecialEffect, lililoanza mwaka wa 2007, linalosaidia watu wenye ulemavu kupata namna yao ya kucheza. Na mwaka wa 2018 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza manete yenye matundu mengi, ambamo mtu anachomeka vifungo, pedali ao kijiti kinachofaa mwili wake.

Tofauti ni kwamba Schmidt alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Kikundi cha gari ndogo kiko na chuma cha kuchomelea risasi, kisanduku cha vipuri, na jioni moja kwa juma. Lakini kiko na kitu ambacho mainjinia wa mbali hawana: kinajua mchezo, na kinajua mtu. Wanakumbuka alikuwa anapenda kuingia kona namna gani. Wanajaribu, inakataa, wanafungua tena, wanajaribu. Kifaa cha kwanza mara nyingi hakifai. Cha tatu ndicho kinakubali.

Shida haiko kwenye manete peke yake

Hata manete ikitengenezwa, kazi haijaisha. Kiti cha magurudumu kinaingia mlangoni? Magoti yanapita chini ya meza? Kutoka pale anapokaa, anaona kona ya mbali, ao mgongo wa mwenzake unaziba? Vikundi vingine vinahamisha tu mahali pa kukaa, na ile peke yake inabadilisha kila kitu.

Tena kuko swali la haki. Gari nyingi zinaweza kuwekewa sumaku chini, inayoshikilia gari kwenye vyuma vya barabara ili isiruke upesi. Je, mwenye ulemavu atumie sumaku wakati wengine hawatumii? Barabara za kisasa zinaruhusu pia kupunguza nguvu ya juu ya gari moja moja, ili makosa yasiwe makubwa. Je, tupunguze ya nani? Maulizo haya hayana jibu moja. Lakini kuko sheria moja ambayo haifai kuvunjwa: yeye mwenyewe akuwepo wakati wa kuamua. Mwingine atakubali sumaku kwa miezi ya kwanza, kiisha ataitoa. Mwingine atasema heri niwe wa mwisho na gari sawa na yenu.

Na kitu kinachoumiza kuliko kushindwa, ni kuachiwa ushindi. Mtu aliyeshindana miaka 20 anajua mara moja kama mwenzake amelegeza kidole kwa makusudi. Siku hiyo amejua kwamba hahesabiwi tena kama mshindani. Amekuwa mgeni wa kuhurumiwa.

Katika vikundi hivi, wasioshindana kwa zamu hiyo wanasimama kwenye kona ili kurudisha gari zilizoanguka. Ni kazi ya kuchosha, lakini kila mumoja anaifanya. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu pengine hawezi kuifanya. Wenye akili hawamwambii "wewe pumzika tu". Wanampa kazi ingine ya lazima: kuhesabu mizunguko, kusimamia saa, kuandika matokeo, kuamua mabishano. Maana mwanachama ni yule ambaye asipokuja, kazi inakwama.

Na sisi huku?

Gari hizo haziuzwi kwenye masoko yetu, na hatuandiki haya ili mtu auze mbuzi wake kuzitafuta. Lakini ujuzi wenyewe tayari tuko nao. Angalieni wafanyabiashara wenye ulemavu wanaopita mpaka kati ya Goma na Gisenyi na tirisikili zao zilizobeba mizigo. Tirisikili zile zinapelekwa kwa mikono. Pedali iliondolewa chini, ikapandishwa juu, mbele ya kifua. Ni wazo lilelile: mguu umekataa, mkono utoe amri.

Kwa kazi na biashara, tunaelewa haraka. Kwa mchezo, tunasahau. Tunafikiri mtu mwenye ulemavu anahitaji chakula, dawa na masomo, na mchezo ni anasa. Sheria haisemi hivyo. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka wa 2006, yanataja kwenye kifungu cha 30 haki ya kushiriki katika utamaduni, mapumziko na michezo. Inchi yetu ilijiunga na mapatano hayo mwaka wa 2015. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022, Kongo ilitia sahihi sheria yake yenyewe, n° 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Lakini sheria haitakuja kwenye kartie yenu kuweka meza ya dama mahali ambapo tirisikili inaweza kufika. Haitaomba fundi arefushe fimbo za babyfoot ili mtu aliyekaa azifikie. Haitakata kipande cha mbao chenye mifereji ili asiyeweza kushika karata azisimamishe mbele yake na kucheza. Hayo yanafanywa na wale wanaocheza naye.

Basi, kama kuko yaya ao papa aliyekuwa anakuja kucheza nanyi na sasa haji tena, musiseme tu "maskini, alipata ugonjwa". Mupite kwake jioni moja. Mumuulize kitu gani kinamushinda: ni kushika, ni kufika, ni kuona, ao ni haya? Kiisha mumuulize anataka irekebishwe namna gani, na mukuje na fundi.