Mhadhiri, acha kuandika peke yako usiku wa manane

Alikuja kliniki kuomba vidonge vya usingizi. Ana miaka 46, ni mhadhiri mwandamizi wa chuo kikuu, ana watoto watatu, na presha yake siku hiyo ilikuwa 164 kwa 102. Nilipomuuliza saa nane usiku huwa anafanya nini, alijibu kwamba anaandika. Nikauliza ameandika kurasa ngapi mwezi huo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, sijaandika hata aya moja. Nakaa tu mbele ya kompyuta."

Sikusimulii habari zake ili umcheke. Kama wewe ni mhadhiri wa umri wa kati, au unaishi nyumba moja na mhadhiri, huenda hali hii unaijua vizuri: taa ya sebuleni inawaka hadi alfajiri, watoto wanaambiwa wasipige kelele, na makala haimaliziki.

Ulipokuwa unasoma shahada ya uzamivu, kulikuwa na msimamizi aliyekuuliza sura ya tatu imefikia wapi. Ukishahitimu na kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, hakuna anayeuliza tena. Unaulizwa mitihani umeshasahihisha, kikao cha kamati ni lini, na wanafunzi unaowasimamia wamefikia wapi. Makala za kwenye majarida ndizo zitakazohesabiwa siku ya kupanda cheo, lakini kwenye ratiba yako ya wiki hazina hata saa moja. Basi unazisukuma usiku, wakati mwili umeshachoka. Na umri wenyewe ni ule ambao watoto wako sekondari, wazazi wamezeeka, na presha na kisukari huanza kujitokeza.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za kulala. Ukiwa umelala, presha kwa kawaida hushuka, na moyo na mishipa hupata nafuu. Ukikesha, nafuu hiyo unaikosa. Kahawa nayo ina hesabu yake: saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Kikombe cha saa tatu usiku bado kinakufanyia kazi saa nane. Kisha asubuhi unanywa viwili ili uweze kufundisha, na mgonjwa wangu alikuwa anasahau pia kumeza dawa aliyoandikiwa mwaka mmoja nyuma.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Mimi nalichukulia jambo hilo kwa uzito, maana nikikupa kidonge cha usingizi bila kugusa namna unavyofanya kazi, mwezi ujao utarudi kuomba kingine.

Hapo ndipo kikundi cha uandishi kinapoingia. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alichapisha utafiti kuhusu walimu wa vyuo vikuu na uandishi wao. Alilinganisha makundi matatu kwa mwaka mmoja. Walioendelea na mtindo wao wa zamani, wa kungoja wapate nafasi kubwa, waliandika wastani wa kurasa 17. Walioandika kidogo kidogo kila siku na kuweka kumbukumbu walifika 64. Wale walioandika kila siku na kisha kumwonyesha mtu kumbukumbu hizo kila wiki walifika 157. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo usizishike namba hizo kama sheria. Lakini hawa wa mwisho hawakufika huko kwa kukesha.

Kikundi chenyewe hakihitaji bajeti. Tafuteni watu wanne hadi sita, ikiwezekana wa idara tofauti, ili asiwepo mkuu wako wala mshindani wako wa cheo. Kutaneni mara mbili kwa wiki, asubuhi, chumba kimoja, simu zikiwa zimezimwa. Dakika chache za mwanzo kila mmoja anasema leo anaandika nini, na aseme kitu kidogo: aya mbili za matokeo, au jedwali moja. Kisha andikeni kimya kwa saa moja au moja na nusu. Simameni, nyoosheni mgongo, kila mmoja aseme alichopata, tawanyikeni. Msisomeane kazi katika wiki za mwanzo. Nimeona vikundi vikifa kwa sababu mwenzao mmoja alifanya kazi ya kusahihisha sarufi ya wengine. Vingine hugeuka kijiwe cha kuulalamikia utawala, na hapo presha hupanda badala ya kushuka.

Siku zisizo za kikundi, dakika 30 zinatosha, kabla hujafungua barua pepe. Usiku kompyuta ifungwe. Nawaomba hasa walio wazazi: toka ofisini ukiwa umeshaandika kidogo, uone utakavyokaa na mtoto kwenye kazi zake za shule. Mtoto anajua kabisa mzazi wake anapomsikiliza huku akiwaza kitu kingine.

Na ninyi wenza, msiulize kila jioni kama makala imekwisha. Ulizeni kikundi ni siku gani, kisha msaidieni asubuhi hiyo isiingiliwe na safari za sokoni na benki.

Mgonjwa wangu sikumpa vidonge vya usingizi. Nilimrudisha kwenye dawa ya presha, nikamwomba aache kahawa baada ya saa nane mchana, na akajiunga na wenzake wanne kila Jumanne na Alhamisi. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 136 kwa 86 na analala saa sita, wakati mwingine saba. Siwezi kukuambia ni kikundi kilichoishusha, maana dawa alianza kuimeza wiki ile ile. Makala alikuwa ametuma moja. Ilirudishwa na masahihisho mengi, na hakukesha kwa ajili yake.

Kikundi si tiba, na kuna mambo usiyapeleke huko. Ukiwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo unayoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, ukianza kunywa pombe ili upate usingizi, au ukiwaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, nenda kwa daktari, na kwa hilo la mwisho nenda leo hii, usiende peke yako. Mwenza akikuambia unakoroma na pumzi hukatika kidogo usingizini, mwambie daktari pia, kwa sababu kukosa usingizi kwako huenda hakuhusiani na makala. Presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona vibaya au ganzi ya upande mmoja wa mwili, nenda hospitali papo hapo.

Ukishavuka miaka 40, pima presha angalau mara moja kwa mwaka hata kama hujisikii vibaya. Mgonjwa wangu naye hakujisikia vibaya. Alidhani ana usingizi tu.